Vitunguu vya maua vya kupanda kabla ya masika hapa Tanga

Mkaazi wa Chumbageni aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu wapenda bustani. Nina ua mdogo nyuma ya nyumba, hapa Chumbageni, wenye kivuli cha mwembe upande mmoja na jua la kutwa upande wa pili. Udongo wake ni wa kichanga na hupitisha maji upesi, ingawa kila mwaka huuongezea samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Asumini ninayo, mlangilangi umeanza kutoa maua, na sasa natamani maua yanayotokana na vitunguu, yale yanayolala ardhini kiangazi kizima kisha yakachomoza yenyewe msimu wake unapofika.

Wifi yangu anayeishi Uholanzi alikuja likizo mwezi uliopita, akaniletea mfuko wenye vitunguu vya tulipu, nargisi na hiasinti. Karatasi iliyokuja nao inaagiza vipandwe kabla ya majira ya baridi ili vichanue baridi inapokwisha. Sisi tuna kaskazi na kusi, masika na vuli. Baridi inayosemwa hapo hatunayo. Je, nikivipanda sasa, mwishoni mwa Januari, masika yataviamsha? Na ikiwa havifai kwa pwani, nichague vipi vingine, na nitatambuaje kitunguu kizuri nikienda kununua?

Mtunza kitalu, Muheza alijibu:

Wa alaykum salaam, dada. Masika hayataviamsha, na sababu yake inafaa kueleweka kabla hujafukua shimo hata moja. Tulipu asili yake ni milima na nyanda za Asia ya Kati, zilikotoka kwenda Uturuki na baadaye Uholanzi, ambako mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alizipanda katika bustani ya chuo kikuu cha Leiden mwishoni mwa karne ya 16. Huko kwao ardhi huwa baridi kwa miezi kadhaa mfululizo, na mmea umejijenga juu ya hali hiyo. Ndani ya kitunguu ulichopewa ua changa limekwisha kuumbika. Kinachokosekana ni wiki 12 hadi 16 za ubaridi wa nyuzi kama 2 hadi 9 za Selsiasi, ambao ndio unaogeuza wanga uliohifadhiwa kuwa sukari na kuliwezesha shina la ua kurefuka. Bila ubaridi huo kitunguu hutoa majani machache na pengine ua lililodumaa palepale usawa wa udongo, ama hakitoi chochote na huishia kuoza mvua za Aprili na Mei zinapokolea. Usiku wa Tanga, hata wakati wa kipupwe cha Julai, haukaribii kiwango hicho.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usichague kwa kuangalia picha iliyo kwenye mfuko, bali uulize kitu kimoja tu: kitunguu hiki huamshwa na nini? Vinavyoamshwa na baridi tuwaachie wenye baridi. Viko vingi vinavyoamshwa na mvua baada ya ukavu, na hivyo ndivyo vyetu, kwa sababu kaskazi hutupa ukavu na masika hutupa mvua.

Cha kwanza ambacho ningekipanda chini ya mwembe wako ni Scadoxus multiflorus, ua la kwetu Afrika, linalomea lenyewe katika misitu na vichaka vya ukanda huu. Mvua za mwanzo zinaponyesha huchomoza bua moja lenye tufe jekundu la vijiua vyembamba, vinavyoweza kufika hadi 200 katika tufe moja, na mara nyingi ua hutangulia majani. Linapenda kivuli chepesi na udongo wenye mboji. Sasa hivi limelala, kwa hiyo huu ndio wakati wa kulihamisha bila kuliumiza. Ninakuomba tu usikubali kuuziwa vilivyong'olewa msituni, hasa katika hifadhi kama ya Amani. Ombeni kwa majirani au nunueni vilivyozalishwa kitaluni.

Upande wa jua weka Zephyranthes, vitunguu vidogo vya ukubwa wa kitunguu maji kichanga, vinavyotoa maua meupe, ya waridi au ya njano siku chache baada ya mvua kubwa iliyofuata ukavu. Vipande kwa makundi, kina cha sentimita 5 hivi, kwa sababu kimoja peke yake hakionekani. Kisha kuna Hippeastrum, ambalo wauzaji wengi huliita amarilisi, ua kubwa kama tarumbeta lenye asili ya Amerika ya Kusini. Hili hupandwa likiwa na theluthi ya juu ya kitunguu nje ya udongo, na kosa la watu wengi wa pwani ni kulimwagilia mwaka mzima: likipata maji bila kikomo hubaki kutoa majani tu. Linyime maji kwa wiki nane hadi kumi wakati wa ukavu, ukianza tena kulimwagilia bua litajitokeza.

Kuhusu kununua: kiminye kwa kidole gumba. Kitunguu kizuri ni kigumu na kizito kuliko unavyokitarajia kwa ukubwa wake, kitako kinakotokea mizizi ni kikavu na hakina ukungu, na shingo haijalegea. Ganda la nje likiwa limechanika si hoja. Ukubwa hupimwa kwa kuzungusha utepe tumboni. Hippeastrum lenye mzunguko wa sentimita 26 au zaidi kwa kawaida hutoa mabua mawili, wakati dogo lenye bei nafuu linaweza kukusubirisha misimu kadhaa.

Bi Mkubwa wa Raskazone alijibu:

Mwanangu wa Muheza amesema vyema, ila amezungumza kama mtu aliye mbali na chumvi. Sisi tunaoishi karibu na bahari upepo hutuletea mvuke wa chumvi ambao huunguza ncha za majani, na si kila kitunguu kinauvumilia. Kwa bustani za upande wetu ua la kutegemewa ni Hymenocallis littoralis, lenye maua meupe ya vidole virefu vyembamba, linalostahimili mchanga, chumvi na hata maji yaliyotuama kwa muda. Harufu yake hutoka maghribi inapoingia, na ukilipanda karibu na dirisha la sebuleni utalifurahia bila kutoka nje. La pili ni Crinum, lenye majani mapana na kitunguu kinachoweza kuzidi ngumi ya mtu mzima. Hilo likishakaa mahali halipendi kuhamishwa, na linaweza kukaa msimu mzima bila ua kwa sababu ya kuvurugwa mizizi, hivyo chagua mahali pake mara moja.

Jambo ambalo halijatajwa ni viwavi. Yupo kiwavi mweusi mwenye mikanda myeupe au ya njano ambaye hushambulia Crinum na jamaa zake zote. Mayai hutagwa kwa mafungu chini ya jani, na wakishaanguliwa hutoboa jani, hushuka ndani yake hadi kwenye shingo, na wakiachwa huozesha kitunguu chote ukidhani ni mvua. Mimi huyakagua majani asubuhi mapema, na jani lenye madoa yanayopitisha mwanga hulikata na kulichoma. Dawa za dukani sijaona haja yake katika ua wa nyumba, mikono inatosha.

Kwa anayependa harufu, kama inavyoonekana kwa dada huyu mwenye asumini na mlangilangi, yupo tuberosi, ua jeupe lenye asili ya Meksiko. Anataka jua kamili na tuta lisilotuamisha maji, na akipandwa sasa atachanua baada ya miezi mitatu hadi minne. Ajue tu kwamba kitunguu kikishatoa ua hakitoi tena. Vitoto vinavyokizunguka ndivyo vinavyorithi, na hao huchambuliwa na kupandwa upya wakiwa wamenenepa.

Mkulima wa maua, Lushoto alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo na mtunza kitalu kuhusu kuvitupa vitunguu vya Uholanzi. Hiasinti na tulipu vinaweza kupewa baridi ya kutengenezwa. Viweke katika mfuko wa karatasi ndani ya friji, si katika sehemu ya kugandishia, kwa wiki 12 hivi, na visikae pamoja na ndizi, maembe wala matunda mengine yanayoiva, kwa kuwa hewa ya ethilini inayotoka kwenye matunda huliua ua changa ndani ya kitunguu. Baada ya hapo hiasinti hukubali hata kuwekwa juu ya glasi ya maji, kitako kikikaribia maji bila kuyagusa, na huchanua ndani ya nyumba. Kwa Tanga ua litadumu siku chache tu kwa joto, na kitunguu hakitafaa kurudiwa mwaka ujao. Ni anasa, lakini zawadi ya wifi haipaswi kuishia jalalani bila kujaribiwa.

Watu huniuliza pia kama huku kwetu milimani tulipu zinaota bila friji. Lushoto iko kwenye mita zipatazo 1,400, na asubuhi za Juni na Julai tunavaa makoti, lakini ubaridi wetu huja usiku na kuondoka jua likipanda, na udongo hauupati kwa miezi mfululizo. Tunachofanikiwa nacho ni kala na agapanthasi, ambavyo pwani hunyong'onyea.

Katika nargisi alizoletewa dada, kama kuna aina yenye maua madogo meupe yanayotoka mengi katika bua moja, Narcissus papyraceus, hiyo haihitaji kipindi cha baridi kwa sababu kwao ni nchi za Mediterania. Iweke kwenye bakuli lenye kokoto na maji, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, na aghalabu huchanua ndani ya wiki nne hadi sita.

Mjumbe wa Pongwe alijibu:

Nyongeza fupi, na si kwa nia ya kumlaumu wifi wa mtu. Vitunguu na vipandikizi vinavyotoka nje ya nchi vinapaswa kuwa na kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi vinakotoka. Udongo ulioganda kwenye kitako unaweza kubeba minyoo fundo na kuvu ambavyo havionekani kwa macho. Ni busara kumwonyesha mkaguzi wa afya ya mimea mfuko huo kabla ya kuvipanda, na vikisharuhusiwa vikae kwenye vyungu, si katika udongo wa ua. Safari nyingine wifi aanze na kibali.

Mkaazi wa Chumbageni aliandika tena:

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsanteni nyote. Mfuko nitaupeleka ukaguliwe kwanza, na vikiruhusiwa hiasinti zitaingia friji nami nitaupima mkono wangu kwa glasi moja au mbili. Chini ya mwembe nitaweka Scadoxus, upande wa jua Zephyranthes na tuberosi, na Hymenocallis karibu na dirisha. Bado nina wasiwasi mmoja: nina wajukuu wanaotambaa, na mbuzi wa jirani huingia uani kila mlango ukiachwa wazi. Je, vitunguu hivi vina sumu?

Bi Mkubwa wa Raskazone alijibu:

Marahaba, mwanangu. Vina sumu, na ni vizuri umeuliza. Scadoxus, Crinum, Hymenocallis, Zephyranthes, Hippeastrum na nargisi vyote ni jamaa moja na vina likorini, ambayo husababisha kutapika na kuharisha. Sehemu yenye sumu nyingi zaidi ni kitunguu chenyewe. Hiasinti nayo huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu unapozishika. Na ukiona mtu anakushawishi upande Gloriosa superba, ule mmea unaotambaa wenye maua mekundu yenye kingo za njano, ukatae kabisa mpaka wajukuu wakue, kwa kuwa kolchisini iliyomo katika viazi vyake imekwisha kuua watu.

Watoto hawachimbi sana. Hatari kubwa iko kwenye vile ambavyo bado havijapandwa, kwa kuwa vikiwa kapuni hufanana na kitunguu cha mboga. Usivihifadhi jikoni kamwe, na hata vile vya friji viandikwe kwa kalamu ya wino mzito na kuwekwa peke yake, ili anayepika asivichukue. Kwa mbuzi, zungushia tuta wavu wa kimo cha kiuno kabla hujapanda. Mtoto akikitafuna, msimpe maziwa wala kumtapisha. Mpelekeni hospitali mara moja pamoja na kipande cha kitunguu kilichobaki, ili daktari akione.