Mwenyekiti kakunja kero za watumiaji, katia mfukoni!

Wakuu, kikao cha umoja wa watumiaji wa ile programu ya uhasibu kimeisha sasa hivi na hasira zimenifika kooni. Simtaji mtu, mnamjua.

Ajenda namba 5 ilikuwa kero za watumiaji, dakika 45. Katibu kaja na karatasi iliyokamilika: kila kero ina moduli, toleo, hatua za kulirudia tatizo, picha ya skrini na idadi ya kampuni zilizokumbwa. Ya kwanza ni VAT. Programu inakokotoa asilimia 18 na kuondoa senti mstari kwa mstari, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) inatoka na kodi ya jumla. Ankara ya mistari 40 inapishana na risiti kwa shilingi kadhaa, mwisho wa mwezi leja na ritani ya kodi haziongei.

Mwenyekiti kaipokea, kaikunja mara nne, katia mfuko wa koti, kampa maikrofoni meneja mauzo wa wakala anayeuza programu. Mara nne! Slaidi zile, mtoto angezaliwa akamaliza darasa la saba bado anaonyeshwa moduli ya mishahara.

Halafu uchaguzi, kunyoosha mikono. Wafanyakazi wa wakala wamejaza meza mbili, nao wakanyoosha! Umoja wa watumiaji ni kura moja kwa kila kampuni yenye leseni hai, si kwa kila kichwa. Muuzaji ni mwalikwa: anasikiliza, anajibu, hapigi kura. Hilo linaandikwa kwenye katiba kabla haijaenda kwa Msajili wa Jumuiya. Na karatasi yetu iko wapi? Mfukoni mwa koti!

Leja_Kavu: Kosa ni kuipeleka karatasi siku ya kikao. Muuzaji apewe siku 14 kabla, ajibu kwa maandishi: inarekebishwa toleo gani, au hairekebishwi na kwa nini. Kikao kinachofuata kinaanza na majibu hayo, kabla ya salamu za mgeni rasmi.

Kiti_Moto_Baridi: Mtoa mada, ukumbi kalipia wakala, pilau kapika yeye, fulana umevaa yake. Ulitaka maiki ashike nani?

Mtoa mada: Udhamini upo popote, lakini unaingia akaunti ya umoja, watia saini wawili, na katiba inaweka kikomo ili ada za wanachama ziweze kulipia ukumbi peke yake. Hiyo haimpi mtu ruhusa ya kukunja karatasi ya wanachama. MARA NNE.

Binti_Ankara: Na mahudhurio je? Tuliandika namba za simu kwa ajili ya akidi. Watu hawajafika Ubungo wanapigiwa kuuziwa moduli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa zilizochukuliwa kwa kazi moja hazihamishiwi nyingine kienyeji.

Mkenya_Halisi: Afadhali nyinyi mna kikao. Huku kila toleo jipya likiingia muunganisho wa eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, unakatika, ankara zinalala, na chama chetu kimebaki grupu la WhatsApp la maua ya asubuhi.

Seva_Imelala: Nyote mnalilia karatasi, ada ya matengenezo hamuioni? SAP, kampuni ya programu ya Ujerumani, walitangaza 2008 kuipandisha kutoka asilimia 17 hadi 22 ya bei ya leseni. Vyama vya watumiaji vikapinga, DSAG, umoja wa watumiaji wa SAP Ujerumani, wakiwa mstari wa mbele, mwanzoni mwa 2010 SAP wakairudisha huduma ya kawaida ya bei nafuu kama chaguo. Sisi tukipandishiwa tunauliza tulipe kwa benki au kwa simu.

Kiti_Moto_Baridi: Ujerumani hawakupewa pilau.

Binti_Ankara: Pilau lenyewe nyama ilikuwa ya meza za mbele tu.

Leja_Kavu: Meza za nyuma tulipata viazi na soda moto.

Bwana_Stoo: Wakuu samahani, stoo inasoma hasi baada ya kuingiza mauzo kabla ya manunuzi, gharama ya wastani imevurugika yote. Nianze kurekebisha tarehe za GRN (hati za kupokea mzigo) au nifanye hesabu upya ya gharama kwanza?

Leja_Kavu: Tarehe kwanza. Chukua nakala rudufu kabla hujagusa kitu.