Tupeane uzoefu: umewahi kujitoa kwa ajili ya mwenzako kwa sababu ya imani? Na gharama aliilipa nani?

Fundi wa Igombe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni fundi mitumbwi hapa Igombe, Mwanza. Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu 2017, leo naomba nilitoe, nanyi mnipe ya kwenu.

Mwaka huo mvuvi mmoja niliyemtengenezea mtumbwi alikwenda dagaa usiku, upepo ukawakuta katikati. Wenzake walirudi, yeye tulimpata siku ya tatu. Mkewe alishafariki zamani. Matanga yalipokwisha ndugu walibeba nyavu na mashine, watoto watatu wakabaki wanatazamana. Nikawashika mkono, nikaja nao nyumbani kwangu, vyumba viwili, na wa kwangu tayari wawili.

Nilijiona nimetenda la Kikristo. Jumapili nikaitwa mbele, nikaombewa, watu wakapiga vigelegele. Mke wangu hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu alinisogezea chai, akaniambia taratibu: "Baba Neema, umetoa sadaka, ila ulichokitoa ni usingizi wangu."

Sikumwelewa mpaka upepo ulipoanza kuvuma. Yule mkubwa, miaka tisa, akisikia tu bati linagongagonga anaamka, anakwenda kukaa mlangoni, magoti kifuani, anasikiliza ziwa. Halii, haongei. Mimi nimelala fofofo, mikono imechoka na randa na kukalafati. Mke wangu ndiye aliyekuwa anaamka, anakaa naye chini, anajifunika naye kitenge kimoja, wako pale mpaka jogoo. Kukipambazuka ndoo ya maji inamsubiri, unga haujapimwa, sare za watoto watano hazijafuliwa. Msimu mzima. Na aliyeombewa mbele ya kanisa ni mimi.

Mnakumbuka Daudi na uwanja wa kupuria wa Arauna? Mwenye uwanja alimwambia chukua bure, na ng'ombe wa kuteketeza juu yake. Daudi akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Mimi nilitoa iliyomgharimu mwenzangu, tena bila kumuuliza. Kuwachukua wale watoto sijajuta hata siku moja. Ninachojuta ni kwamba mama yao wa sasa niliwaleta mlangoni kwake kama mzigo wa kuni.

Karibuni. Semeni na upande wa waliolipa.

Mwana Ukara

Fundi, umenigusa. Mimi nilikuwepo Bwisya, kisiwani Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, feri ya MV Nyerere ilipopinduka ikiwa imebakiza kidogo kufika gatini. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, imejaa watu na magunia. Waliokufa walizidi 200, mnajua wenyewe.

Dagaa tunavua usiku wa giza, na mbalamwezi ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo tulikuwa tumepumzisha karabai, na mimi petroli ya giza lijalo nilishaiweka ndani. Petroli hiyo ndiyo ilikuwa mtaji wangu wote. Iliishia kwenye maji yale kwa siku mbili, kwenda na kurudi, kwanza kutafuta walio hai, baadaye kuvuta waliokwisha. Sitawadanganya kwamba nilikumbuka andiko lolote. Nilikuwa namwona mama mmoja pale ufukweni ameshika ndala moja ya mtoto, kila tukitua anatukimbilia na ile ndala kuipima kwenye miguu.

Msimu wa giza uliporudi sikuwa na kitu. Mama watoto aliuza mbuzi wake wawili aliopewa na shangazi yake, nikarudi ziwani. Hilo la mbuzi sijawahi kulisimulia popote mpaka leo, na ya petroli nimeshaisimulia mara nyingi sana.

Dada wa Buzuruga

Shalom. Yangu ni ndogo. Nachangia damu. Wanawake tunaruhusiwa kila baada ya miezi minne, wanaume mitatu, na ukilala pale inatoka kama mililita 450, basi. Nilianza baada ya kukaa wodini na mtoto wa dada yangu mwenye ugonjwa wa damu wa seli mundu. Huku Kanda ya Ziwa watoto wa seli mundu ni wengi mno, na damu ikishuka hakuna cha kusubiri. Nilimwona baba mmoja ametoka mbali na mtoto begani, anazunguka kwenye korido anauliza kila mwanaume, "Kaka, wewe ni grupu gani?"

Mimi ni O. Sijawahi kujua damu yangu imekwenda kwa nani, nami sitaki kujua. Kwangu hakuna aliyeumia zaidi ya mimi mwenyewe na kizunguzungu cha siku moja, kwa hiyo labda sijibu swali lako, Fundi. Ila nyie wanaume mnaosoma hapa, miezi mitatu mitatu mnaiweza.

Katekista mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa Fundi. Sisi Wakatoliki tunaye Mtakatifu Maksimiliani Kolbe, padre Mpolandi. Mwaka 1941 katika kambi ya Auschwitz Wajerumani walichagua watu kumi wafe kwa njaa. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, akalia kwa ajili ya mke na watoto wake. Kolbe akatoka kwenye mstari akaomba afe badala yake, wakamkubalia. Alikufa tarehe 14 Agosti.

Nimewafundisha watoto habari hii miaka mingi, na kila mara nilipita haraka kwenye jibu alilotoa alipoulizwa yeye ni nani. Alisema ni padre Mkatoliki. Yaani hakuwa na mke wala mtoto wa kuachiwa deni. Alichokitoa kilikuwa chake mwenyewe kabisa. Sisi wenye ndoa mwili wetu si wetu peke yetu, Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho hivyo, na nadhani hata sadaka inabidi ipite hapo kwanza.

Kijana wa Igogo

Nimesoma zote nikafunga simu, nikafungua tena.

Mimi ni mtoto wa mtu kama Fundi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema kweli, si wa kujionyesha. Hakuna aliyegonga kwetu akarudi mikono mitupu. Nikiwa kidato cha pili alichukua ada yangu akamlipia matibabu mjane mmoja. Aliniambia, "Mwanangu, wewe Mungu atakufungulia mlango mwingine." Yule mama alipona, yuko hai, huwa ananisalimia sokoni. Mimi sikurudi shule. Nabeba magunia ya dagaa soko la Mwaloni Kirumba mwaka wa kumi na moja huu.

Baba alipofariki kanisa lilijaa mpaka nje. Watu wanasimama kutoa ushuhuda, mmoja baada ya mwingine, nami nimekaa mbele pale nasikiliza vitu vyangu vikitajwa. Nilimpenda baba yangu. Na kanisani naenda bado. Lakini angeniuliza! Nilikuwa na miaka kumi na tano, pengine ningekubali. Ningekubali nadhani. Ingekuwa sadaka yangu na mimi.

Mwana Ukara

Pole sana mdogo wangu.

Fundi wa Igombe

Kijana wa Igogo, maneno yako nimemsomea mke wangu jana usiku. Alinyamaza, akaniambia nirudie pale kwenye miaka kumi na tano.

Asubuhi akanifuata kazini, jambo ambalo si kawaida yake, nilikuwa nachonga mkuku. Alikuja kuniuliza. Neema kaolewa, yule mkubwa wetu wa mlangoni yuko chuo cha ufundi, chumba kimoja jioni hakina mtu na taa ipo. Anasema kama hukufanya mtihani wa kidato cha pili, unaweza kuanza na mtihani wa Maarifa, QT, kisha ukafanya cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mdogo wake ni mwalimu wa hisabati, ameshaongea naye. Aliniuliza kama nami nakubali.

Nimekubali. Sasa tunakuuliza wewe.

Kijana wa Igogo

Nimeona. Mwambie mama shikamoo.

Kutoka Mwaloni naweza kufika Igombe saa kumi na mbili jioni, Jumatano tu ndiyo mizigo inachelewa. Usajili wa QT unafunguliwa lini?