Mjadala: Kwenye Football Manager, tuweke ukomo wa wachezaji 22 au kila kocha asajili anavyotaka?

Mtoa mada, Mtwara Mjini

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna hoja imetugawa hapa Mtwara, nimeona tuijadili wote, maana najua Lindi, Masasi na Newala wapo wanaocheza kama sisi. Tunacheza Football Manager, gemu la kuwa kocha wa timu ya mpira, makocha kadhaa kwenye kompyuta moja, kila mtu na timu yake ya Ligi Kuu ya Uingereza. Zamu yako ikifika unakaa, unapanga kikosi, unampisha mwenzako. Ikiingia Desemba ya kwenye gemu, mechi zikianza kuja kila baada ya siku tatu, mzozo unaanza. Kuna wenzetu wana wachezaji 34, kila nafasi watu watatu. Wengine tuna 21 na macho yako kwenye orodha ya majeruhi.

Pendekezo lililopo: kuanzia msimu ujao kila kocha awe na wachezaji 22, basi. Wasiohesabiwa ni vijana waliotoka akademi yako mwenyewe. Kijana wa kununua anahesabiwa hata kama ana miaka 18.

Mimi naunga mkono kwa moyo wote, na si kwa sababu wenye 34 wanatufunga. Kuzungusha kikosi ndiyo sehemu tamu kuliko zote kwenye gemu hili, na hivi tunavyocheza tunaiua.

Tuangalie gemu lenyewe. Sifa za mchezaji zinapimwa kuanzia 1 hadi 20, na kwenye suala la uchovu kuna mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. Moja ni pumzi, yaani anavyohimili dakika 90. Nyingine ni mwili wake unavyorudi katika hali yake baada ya mechi. Unaweza kuwa na winga mwenye pumzi 17, anakimbia mpaka filimbi ya mwisho, lakini kwenye ile ya pili ana 8, Jumanne miguu bado mizito. Huyo ukimchezesha Jumamosi, Jumanne, tena Jumamosi, unamtafutia jeraha la nyama za paja. Kiungo mwenye 13 na 16 atakufaa zaidi mwezi Desemba hata kama anakupa burudani kidogo. Kocha anayezisoma sifa hizi anahitaji watu wachache kuliko asiyezisoma, na asiyezisoma anaziba pengo kwa kununua.

Halafu kuna makali ya mechi. Hapa ndipo kikosi cha 34 kinapomdanganya mwenyewe. Yule beki wa tatu wa kulia, ukimtazama kwenye orodha, alama ya moyo pembeni ya jina lake ni ya kijani kabisa, hajachoka hata kidogo. Ila hajagusa mpira wa mashindano tangu Septemba. Ukimwingiza ghafla anachelewa kila mahali, na mwili uliosahau mechi unaumia upesi. Yaani unaye lakini huna. Na tangu toleo la 2018 gemu linafuatilia maelewano ya chumba cha kubadilishia nguo. Uliyemwahidi kwamba ni mchezaji muhimu akiota mizizi benchi atakuja ofisini kwako, na ukimjibu vibaya anaondoka na kundi lake lote la marafiki.

Mimi upana wa kikosi naupima hivi: nikimtoa huyu, anayeingia amecheza dakika ngapi mwezi huu? Na nikimtumia yeye, kuna mtu analazimika kuhama nafasi yake? Ukinijibu hayo mawili sihitaji kujua una watu wangapi.

Karibuni, hasa wanaopinga.

Mchangiaji, Masasi

Mkuu umeandika vizuri ila sikubaliani. Kwanza ukomo upo tayari. Tangu msimu wa 2010/11 Ligi Kuu ya Uingereza inasajili wachezaji 25, na kati yao wasiokuzwa kisoka kule hawazidi 17. Gemu linafuata sheria hiyo. Walio chini ya miaka 21 ndio hawana idadi. Mtu akipitia mlango huo akanunua vijana wa miaka 19 wenye viwango vya wakubwa, kuna kosa gani? Ameisoma sheria, wewe hukuisoma.

Pili, unasema huhitaji kujua watu wangapi. Waulize Liverpool wa 2020/21. Mabeki wao wa kati waliisha: Van Dijk aliumia Oktoba, Gomez akafuata Novemba, Matip msimu wake ukaishia Januari. Bingwa mtetezi akapigwa mechi sita mfululizo za ligi pale pale Anfield. Na kabla ya msimu walimuuza Lovren bila kuleta beki mwingine wa kati. Mtu mmoja tu! Wangekuwa na huyo mmoja wa ziada huenda wasingefika kule.

Najua utakuja na Aston Villa, waliochukua ubingwa 1980/81 kwa wachezaji 14 msimu mzima, au Leicester wa 2015/16 waliopanga karibu kikosi kilekile kila wiki. Leicester hawakuwa na mechi za Ulaya, na vikombe vya ndani walitolewa mapema. Kocha wa kwenye gemu mwenye Ligi ya Mabingwa hana nafasi hiyo.

Aliyejipanga asiadhibiwe kwa sababu wengine hawakujipanga.

Mtoa mada, Mtwara Mjini

Kaka, sikuwa na mpango wa kuwaleta Villa, zama zile ni nyingine. Lakini Liverpool umeniletea mwenyewe. Mabeki walipokwisha, viungo Fabinho na Henderson wakarudishwa nyuma. Kiungo kikabaki bila wenyewe. Tundu moja likazaa tundu la pili, na hicho ndicho nilichouliza pale juu: ukimtumia huyu, nani anahama? Watu walikuwepo, ila si wa nafasi ile.

Na tazama walivyotoka. Nat Phillips na Rhys Williams, ambao Agosti hakuna aliyewaweka kwenye hesabu, wakapewa mechi mfululizo, wakapata makali, viungo wakarudi kwao. Timu ikashinda mechi tano za mwisho na kumaliza ya tatu. Williams ametoka akademi. Kwenye pendekezo letu kijana kama huyo hahesabiwi, unaye bure. Ninachokataa ni kununua vijana kumi wa watu na kuwafungia stoo ili mwenzako asiwapate. Sheria ya Uingereza inaruhusu, sawa. Sisi tunatunga yetu.

Mwalimu, Nachingwea

Mimi gemu silichezi. Nafundisha vijana mpira huku Nachingwea, mmoja wao ndiye aliyenionyesha mnachobishania, na nimeona niseme kwa sababu mnagusa kitu cha kweli kabisa.

Namungo ya hapa jirani Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Simba, na msimu wa 2020/21, wa pili tu kwao Ligi Kuu, wakaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Raja Casablanca, Pyramids ya Misri, Nkana ya Zambia. Wakamaliza mkiani, na ligi ya nyumbani nayo ikiwasubiri. Kwa macho yangu kumi na moja wa kwanza walikuwa wanapambana na mtu yeyote. Kazi ilikuwa dakika ya 65, unapogeuka kutazama benchi. Sasa jiulizeni, klabu ya Ruangwa ingepata wapi wachezaji 34? Hata Ndanda ya Mtwara, miaka yote ile ya Ligi Kuu mpaka kushuka 2020, kutoka uwanja wa Nangwanda Sijaona kwenda kucheza Bukoba ni kuvuka nchi kutoka kona hadi kona, na anayerudi na basi hilo si yule aliyeondoka.

Klabu za namna yetu zinaishi kwa mchezaji wa nafasi mbili. Beki wa kulia anayeweza kusimama kati. Kiungo mkabaji anayeweza kurudi nyuma bila kutetemeka. Nikiwa na wanne wa aina hiyo, watu wangu 20 ni sawa na 24.

Jambo la pili hamjaligusa kabisa. Mnazungumzia nani anaanza. Tangu mwaka 2020 yaliporuhusiwa mabadiliko ya wachezaji watano, mzunguko unafanyika ndani ya mechi yenyewe. Unaongoza mawili kwa bila, dakika ya 60 mtoe mwenye mechi Jumatano. Anapumzika nusu saa, na anayeingia anapata hayo makali mnayoyasema. Vijana wengi wanamwacha nyota amalize kwa sababu wanataka afunge la tatu.

Mchangiaji, Masasi

Shikamoo mwalimu. La mabadiliko ya ndani ya mechi nakubali, nalichukua.

Mchangiaji, Lindi Mjini

Mnazungumza kama kila mtu ana kompyuta. Sisi wengi huku Lindi tunacheza Top Eleven kwenye simu, na kule tatizo ni jingine. Kila mechi inashusha hali ya mchezaji kwa asilimia, na inapanda polepole yenyewe. Kwa hiyo ukiwa na akili unakuwa na vikosi viwili, cha ligi na cha kombe, na unawabadilisha. Mimi nilikuwa naifurahia sana hesabu hiyo. Lakini kuna vifurushi vya mapumziko. Mwenye vifurushi anabonyeza mara kadhaa, kumi na moja wake wanarudi wazima, anaingia uwanjani na walewale. Wewe uliyezungusha unacheza na watu wako wa pili dhidi ya wa kwanza wake. Kwenye mashindano yetu ya simu ukomo wa wachezaji hausaidii kitu. Tukatae vifurushi siku za mechi zetu, tena hilo ni gumu kuliko lenu kwa sababu hakuna anayeona mwenzake amebonyeza nini usiku.

Mtoa mada, Mtwara Mjini

Dada yangu umesema kweli, na nadhani hilo linastahili mjadala wake peke yake. Ufungue, tutakuja kuchangia.

Mchangiaji, Newala

Naunga mkono 22 ila mna mambo mawili hamjayatazama. Makipa. Ukiweka watatu umebaki na 19 wa ndani, ukiweka wawili na mmoja akala kadi nyekundu huku mwenzake ni majeruhi, unasimamisha nani? La pili, mtu akivunjika mguu Septemba nje miezi minane, anaendelea kula nafasi yake kwenye 22? Halafu tafadhali msianze msimu mpya Oktoba, korosho zikianza nusu yetu tuko mashambani.

Mtoa mada, Mtwara Mjini

Makipa wawili ndani ya 22, wa tatu atoke akademi, hata awe wa miaka 17. Ndiyo maana ya kuwa na akademi. Majeruhi wa zaidi ya miezi sita aondolewe kwenye hesabu na nafasi yake ijazwe dirisha la Januari, si kabla. Oktoba imesikika.

Mchangiaji, Masasi

Hapo kwenye Januari nagoma. Mtu akiumia Septemba baada ya dirisha kufungwa, bado kuna wachezaji huru wasio na klabu, sheria inaruhusu kuwachukua muda huo. Mkiniruhusu hilo kura yangu mnayo. Mkikataa, nabaki na 34 wangu.