Naomba ushauri: gari jipya, difu inavuja, waranti wanaikwepa

Wakuu, heshima zenu.

Nipo Ngaramtoni, Arusha. Mwezi wa pili nilichukua pikapu mpya ya 4x4, waranti miaka 3 au kilomita 100,000. Inapeleka wageni Engaruka na Ziwa Natron, na ile njia ya kutokea Mto wa Mbu mnaijua: vumbi, mawe, makorongo. Sasa imefika kilomita 14,000, difu ya nyuma (lile kasha la gia katikati ya ekseli) inavuja oili.

Walioniuzia wanasema ni "matumizi mabaya". Jamani, mmeliuza kwa sifa ya kupanda milima, nikilipeleka porini imekuwa kosa? Tatizo, sevisi ya kilomita 10,000 nilifanyia kwa fundi wa mtaani, kule Unga Limited, maana kwao foleni ilikuwa wiki tatu, na risiti niliyonayo ni ya oili tu. Hapo najua nimejiponza.

Kuna aliyewahi kuwabana watu wa namna hii akafanikiwa? Nianze na barua kwao, au niende moja kwa moja Tume ya Ushindani, wanaotetea walaji? Na fundi wangu akifungua difu abadilishe sili (mpira wa kuzuia oili), si ndiyo nitakuwa nimejimaliza kabisa?