Naomba ushauri: kusafiri na mwanangu kwenda Ujerumani bila sahihi ya baba yake

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada wa mawazo. Mimi ni single mama, naishi Dar, mwanangu ana miaka 4. Dada yangu yuko Hamburg anajifungua mwezi wa tisa na ametutumia mwaliko, paspoti zetu tunazo ila kwenye viza ya Schengen mtoto anatakiwa awe na ridhaa ya wazazi wote wawili. Sasa baba yake jina lipo kwenye cheti cha kuzaliwa lakini alipotea mtoto akiwa na miezi 8, simu hapatikani, nimeenda mpaka kwa mama yake Morogoro nikaambiwa hata wao hawajui alipo. Nimechukua barua ya serikali ya mtaa kwamba namlea mwenyewe, wakili mmoja akasema niape tu kiapo, mwingine akasema bila amri ya mahakama ya watoto nitakataliwa, nimebaki njia panda na kumwacha mtoto siwezi kabisa, sina wa kumwachia.

Aliyepitia hili, ubalozini walikubali kiapo au mpaka amri ya mahakama? Na kama ni mahakama ilikuchukua muda gani? Asanteni sana.