Msomaji amebadilishwa katikati ya mfululizo: mnaendelea au mnaacha?

SindanoNaUzi

Wanajamvi, salaam. Nina jambo ambalo mume wangu analicheka, kwa hiyo nalileta kwenu mnaoweza kunielewa.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi inachukua macho na mikono yote miwili, masikio yanabaki hayana shughuli. Redio niliiacha kwa sababu ya taarifa za habari. Muziki nao unanifanya nikanyage pedeli kwa mwendo wa ngoma, mshono unakwenda upogo. Kilichonifaa ni vitabu vya kusikiliza, na si vyote, bali zile riwaya za upelelezi zisizotisha. Kijiji kidogo, watu wanafahamiana hadi kwa majina ya mbwa wao. Maiti inaonekana mapema na damu haielezwi. Anayepeleleza ni mama wa makamo mwenye duka la vitabu, au mwalimu mstaafu ambaye hakuna aliyemwomba, na polisi wanamwambia arudi nyumbani. Hakuna anayeteswa. Mtoto haguswi. Paka, namshukuru kila mwandishi wa aina hii, hafi kamwe.

Sasa kuna mfululizo mmoja, jina naliweka kando, ambao nimeufuata tangu kitabu cha kwanza kwa sauti ya mwanamke yule yule. Sauti nzito kidogo, ya mtu aliyeishi. Kabla ya kuanza sura anavuta pumzi, unaisikia. Sajini wa polisi amempa pua iliyoziba, kila akiingia unajua ni yeye hata kabla jina halijatajwa. Shangazi wa mpelelezi anaongea polepole kwa namna ya mtu anayehesabu chenji. Nikiwa natoboa matundu ya vifungo cherehani inapiga kelele na sisikii neno, dokezo linanipita, wala sirudishi nyuma. Naendelea tu. Mara nyingi muuaji anatajwa nami najiuliza huyu aliingia lini.

Juzi kimetoka kitabu kipya. Nimekaa na rundo la suruali za kupiga pindo, nimebonyeza, na anayeanza kusoma ni mtu mwingine! Kijana, sauti safi, hakosei herufi. Lakini mpelelezi wangu amepungua umri ghafla, shangazi anaongea haraka haraka, na sajini amepona mafua.

Nilizima kabla ya maiti kupatikana. Swali: mnavumilia, au mnaacha? Na je, kuna mwingine ambaye fumbo lenyewe si shida yake sana, anachotaka ni yule mtu anayemsomea?

ZamuYaUsiku

Dada, uko na wenzako wengi.

Mimi nafanya kazi usiku na kulala mchana, watu wakiwa macho na honi zinalia. Nisipowekewa sauti ya mtu sikioni silali. Na sauti yenyewe iwe ya kitabu ninachokijua mwisho wake. Kitabu kipya kinanikesha kwa sababu nataka kujua nani kaua. Cha zamani najua ni daktari, basi namsikiliza daktari akijifanya mwema, napotelea hapo hapo. Naweka kipima muda dakika 30 sauti izime yenyewe. Kuna kitabu nakipenda mno ambacho sura zake za katikati sina hakika kama nimewahi kuzisikia nikiwa macho.

Kwangu msomaji mpya ni usingizi mpya, lazima nijifunze upya. Ushauri: rudi kitabu cha kwanza, sikiliza mfululizo wote tena kwa sauti ya yule mama. Huyo kijana atasubiri.

HesabuZaMuuaji

Mkuu Zamu na dada Sindano, samahani, nawaheshimu, lakini ninyi mnaoga baharini bila kulowa. Riwaya ya upelelezi ni mashindano kati ya mwandishi na msomaji. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mwingereza aliyeandika riwaya hizi mwenyewe, aliweka kanuni 10 za haki, na ya kwanza ni kwamba mhalifu lazima awe ametajwa mapema katika hadithi. Yaani mwandishi ameshakuonyesha muuaji usoni, amekupa kila unachohitaji, nawe unatoboa matundu ya vifungo?

Halafu kusikiliza kunamwonea mtu kama mimi. Kitabu cha karatasi mara nyingine kina ramani ya nyumba mwanzoni, au orodha ya wahusika. Kwenye sauti ramani hakuna. Wakiwa na Margaret, Marjorie na Marion katika nyumba moja, mimi nakamata kalamu. Na huwezi kufunua kurasa kwa haraka kutafuta ile sentensi kuhusu saa ya ukutani. Unarudisha sekunde 15, sekunde 15, hadi unachoka.

Ila kuna jambo litakalokufaa. Wasomaji wengi hutoa siri bila kujua. Mtumishi anapita na sinia, ana sentensi mbili tu, lakini msomaji kamtengenezea sauti nzima, lafudhi yake, kikohozi chake. Kwa nini ajisumbue hivyo kwa mtu wa sentensi mbili? Kwa sababu amekisoma kitabu chote kabla ya kurekodi, na anajua huyu atarudi sura ya mwisho akiwa na mengi ya kusema. Nimeshawakamata wauaji kadhaa kwa njia hiyo, na sioni haya. Kwa hiyo kijana wako anayesoma bila madoido huenda anakutendea haki kuliko yule mama wa mafua.

Pia wewe si wa kwanza. Mfululizo wa Richard Osman kuhusu wastaafu wanaochunguza mauaji, ulioanza mwaka 2020, vitabu viwili vya kwanza vilisomwa na Lesley Manville, kuanzia cha tatu akaingia Fiona Shaw. Waigizaji wakubwa wote wawili. Wastaafu ni wale wale.

SindanoNaUzi

Hesabu, hiyo ya mtumishi na sinia umeniharibia vitabu vyote vilivyobaki, Mungu anakuona.

Lakini hujajibu. Mimi sishindani na mwandishi. Najua kwamba katika saa ya 9 au ya 10 kila kitu kitakaa mahali pake, aliyeua atasema kwa nini, na waliobaki watakunywa kitu cha moto. Kwa kuwa hilo nalijua, naweza kumsikiliza mtu akieleza bustani ya jirani kwa dakika nzima bila kuuliza inahusiana na nini. Ni wapi kwingine mtu mzima anasomewa kuhusu bustani ya jirani? Na anayenisomea akibadilika, nabadilishiwa kila kitu.

KusomaKwaSikio

Nimefuatilia kimya, sasa niseme. Mimi sioni tangu utotoni. Kwenu kusikiliza ni starehe ya ziada, kwangu ndiko kusoma kwenyewe, na nimepitia mikononi mwa wasomaji wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka.

Vitabu hivi vilianza kwa ajili yetu. Uingereza huduma ya vitabu vya kusikiliza kwa wasioona ilianza mwaka 1935, kwa sahani za santuri. Kila upande ulichukua kama dakika 25, kwa hiyo riwaya moja ilikuja kama rundo la sahani na msikilizaji alikuwa anainuka kugeuza. Marekani walikuwa wametangulia kidogo. Na mnajua mojawapo ya vitabu vya mwanzo kabisa Uingereza ni kipi? Riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, iliyotoka mwaka 1926. Yaani tangu siku ya kwanza watu waliokuwa wanataka kusomewa walipewa mauaji ya kijijini. Wale mlioisoma riwaya ile mnajua pia kwamba ni mtihani wa pekee kwa anayeisoma kwa sauti. Wasioisoma sitawaharibia.

Sasa kuhusu kijana wako. Wasioona wengi wa rika langu tulilelewa na wasomaji wanaosoma tu, hawaigizi. Sauti inakaa pembeni, maneno yanapita mbele. Ukimpa kila mhusika pua na kikohozi, unanichagulia namna ya kumwona, na mimi kuwaona watu nafanya mwenyewe kichwani. Nasikiliza kwa kasi kubwa sana, ambayo nyie mngesikia mbu tu. Lakini hizi za starehe, za kijiji na bustani, nazirudisha kwenye kasi ya kawaida. Mtu anayekimbiza bustani ya jirani hajui alichofuata.

Msikilize kijana kwa saa moja nzima kabla ya kuhukumu. Saa ya kwanza hausikii kitabu, unasikia tofauti. Ule mfululizo wa Alexander McCall Smith wa Mma Ramotswe, mpelelezi mwanamke wa Botswana, ulisomwa na Lisette Lecat kwa toleo la Marekani na Adjoa Andoh kwa toleo la Uingereza. Nimewasikiliza wote wawili. Mma Ramotswe wa mmoja ana utulivu wa mtu aliyekwisha kula, wa mwingine ana kicheko karibu. Sasa nikiulizwa yupi ndiye, nabishana na nafsi yangu.

ZamuYaUsiku

"Mngesikia mbu tu." Heshima mkuu.

BintiWaMzee

Naomba niingie kutoka upande wa pili, kwa sababu mimi ndiye ninayesoma.

Baba yangu macho yamepungua nguvu na hapendi vitabu vya lugha nyingine. Nikaanza kumsomea Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Baadaye, kwa kuwa siwezi kuwa kwake kila jioni, nikawa narekodi kwa simu, nimeketi ndani ya kabati la nguo mlango ukiwa wazi kidogo, maana nguo zinameza mwangwi. Jirani akiwasha pampu nasubiri. Tumbo likinguruma, narudia sentensi. Sikujua kama tumbo linasikika hivyo.

Kuhusu fumbo, Hesabu yuko sahihi kuliko anavyojua. Kuna mahali mwandishi anasema tu kwamba sauti fulani ilinong'ona nyuma ya mlango. Kwenye karatasi hiyo sauti ni ya yeyote. Mimi nifanyeje? Nikinong'ona kwa sauti niliyompa mjomba, nimemuuza mjomba. Nikitunga sauti mpya kabisa, baba anasema huyu ni mgeni, hakuwa humo ndani. Nimeishia kunong'ona bila sauti, pumzi tupu, ambayo haina mwanamume wala mwanamke. Simu ya mtu asiyejitaja naisoma hivyo hivyo.

Nilijaribu pia kuigiza kila mtu. Baba alisikiliza sura moja akaniambia, "Soma mwanangu, usinichezee." Nikaacha, nikabakiza kimoja: Bwana Msa nampunguzia mwendo. Anapokaa na kiko chake na rafiki yake Najum anamuuliza maswali, natulia hapo, naacha nafasi kabla ya jibu. Hiyo nafasi ndiyo baba anaipenda. Nikiirukia ananipigia simu.

Kwa hiyo dada Sindano, huyo kijana wako huenda hana shida na sauti, ana shida na nafasi. Watu wazuri wanaosoma haraka huwa wanaogopa kimya. Jaribu kumpunguza kasi kidogo, 0.9, si chini ya hapo, maana chini ya hapo anasikika amelewa.

HesabuZaMuuaji

Pumzi tupu isiyo na jinsia. Hiyo ndiyo haki niliyokuwa naisema. Dada, ukirekodi zaidi mimi ni mteja.

JumaWaSuraMoja

Nyote mmedekezwa. Mimi nasikiliza vya LibriVox, wale wa kujitolea walioanza mwaka 2005, vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki. Kuna vitabu humo kila sura ina msomaji wake. Sherlock Holmes anaweza kuanza mzee na kumaliza msichana, na nyuma ya mmoja kuna ndege wanalia. Unazoea. Mimi sasa wale ndege nawatarajia.

SindanoNaUzi

Nimerudi na ripoti, maana nyumbani hakuna anayeitaka.

Nimempunguza kijana hadi 0.9 na nimempa saa nzima kama nilivyoagizwa, nikiwa na kazi isiyo na kelele, kutarizi kola kwa mkono. BintiWaMzee, umenena. Kumbe alikuwa anamalizia sentensi na kuanza nyingine kabla sijaweka chini ile ya kwanza. Akipunguzwa, zile aya za mazingira zinapumua. Kuna barua ya marehemu inasomwa sura ya 4, na hapo nakiri amemshinda yule mama: hakulia, hakutetemesha sauti, aliisoma tu kwa namna ya mtu anayesoma mwandiko wa mwingine, akisita kwenye neno lililofutika. Nilisimamisha sindano.

Shangazi bado simkubali. Ni mtoto aliyevaa viatu vya bibi yake. Na sajini nimemrudishia mafua mwenyewe kichwani, KusomaKwaSikio atafurahi, kila akizungumza namzibia pua.

Jambo jingine: kwa kuwa nilikuwa nimemkazia masikio nione kama anafaa, nimesikia vitu ambavyo kwa kawaida vinanipita. Nimefika sura ya 9. Kuna mtunza bustani ambaye mwanzoni alisema hana ufunguo wa banda, na sasa hivi ametoka bandani na mkebe wa rangi mkononi. Hesabu, kama umeshakisoma, usithubutu kuniandikia chochote kabla ya Ijumaa.