Naomba ushauri: mtoto anakula rangi ya midoli

Habari zenu wakuu. Mwanangu ana mwaka na nusu, meno yanamtoka, kila akishikacho ni mdomoni. Wifi yangu alimletea magari ya mbao ya mtumba kutoka Kariakoo, yana rangi zinang'aa kweli. Sasa ile ya njano inabanduka. Juzi nimemtoa kipande kwenye ulimi.

Hofu yangu ni madini ya risasi, maana rangi za njano na nyekundu ndizo zilizokuwa zikitiwa sana. WHO wanasema hakuna kiwango salama kwenye damu ya mtoto, na ubongo unaweza kudhurika bila dalili yoyote. Hata kampuni ya midoli ya Mattel mwaka 2007 iliondoa sokoni midoli zaidi ya milioni moja kwa sababu hiyohiyo.

Mama mkwe anasema nipige msasa nipake rangi upya. Mimi naona vumbi lake ndilo hatari zaidi, au nakosea?

Kipimo cha damu cha risasi hapa Dar kinapatikana wapi, na bei gani? Je, TBS (Shirika la Viwango Tanzania) au maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wanapokea kidoli cha mtu binafsi wakipime? Na wifi nimwambieje bila kumuudhi?